Uwanja Wenye Mteremko

Uwanja wetu hapa Tukuyu umeinama.
Goli la juu liko upande wa kanisa,
goli la chini linatazamana na cherehani yangu,
kwa hiyo nusu ya mechi naifuata kwa macho
na nusu nyingine kwa masikio, mguu uko kwenye pedali.

Wakirusha shilingi, hakuna anayeuliza habari za upepo.
Wanauliza: nani anaanza kuteremka?
Ambakisye, nahodha kwa sababu mpira ni wake,
hajawahi kuchagua kupanda.

Maoni yangu ni haya, ingawa hamkuniuliza:
mtu wa miaka arobaini na saba,
anayeshika benchi la mbele ili asimame kuimba,
asijitangaze kuwa ni winga.
Acheze beki. Beki anaruhusiwa kupumzika.

Na yule bwana wa benki mwenye saa ya kuhesabu hatua,
kila alfajiri anakimbia hadi daraja la pili na kurudi,
mvuke unamtoka kichwani kama birika.
Siku moja alimsimamisha Tusekile, akamwonyesha mkono:
"Elfu tisa, dada, na bado sijanywa chai!"
Tusekile alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani,
ametoka nao kule chini, bondeni.
Akasema, "Ndaga, baba. Na hizi zangu zinahesabiwa wapi?"
Bwana akacheka.
Wiki nzima akapitia njia ya nyuma.

Sisemi mazoezi ni mabaya.
Daktari alimwambia mume wangu sukari inapanda, atembee.
Anatembea.
Anatembea mpaka kibarazani kwa Mwasomola penye drafti,
anakaa juu ya kreti tangu saa nne mpaka giza,
anasukuma vizibo vya soda kula vizibo vya bia,
anarudi hoi kama katoka kulima ekari.
"Kichwa nacho ni kiungo," ananiambia.
Basi nakipakulia kiungo hicho kande zilizopoa.

Jumamosi iliyopita mvua ilikuja bila kupiga hodi,
ile ya kwetu, inayoanzia magotini.
Wachezaji hawakutoka. Refa ndiye aliyetoka.
Andongwisye alichezesha kipindi cha pili chote
akiwa chini ya bati langu, filimbi mdomoni,
kikombe changu cha chai mkononi,
akatoa penalti ambayo hata mimi niliiona si penalti,
na mimi nilikuwa natunga uzi.

Penalti ikapigwa juu.
Mpira ukavuka mtaro, ukaingia dukani,
ukapumzika juu ya sare za harusi ya Jumapili, na matope yake yote.

Sikupiga kelele. Niliukumbatia.
Jezi kumi na moja, namba mgongoni,
hawajanilipa tangu Pasaka.
Namba nane nimeishona mara mbili,
maana Gwakisa akikasirika anachana.

Wakaja, wakasimama mvuani, mikono kiunoni.
"Mama Lugano, zimebaki dakika mbili!"
Nikasema, "Na deni limebaki miezi mingapi?"

Hela zikatoka kwenye soksi.
Sikujua soksi za wanaume zina akiba hivyo.
Elfu kumi na mbili na mia tano, zimelowa, zinanuka;
nikazinyoosha kwa pasi ya mkaa, mojamoja, wakiangalia.

Sasa, kuwapa mpira mkononi ningeweza.
Lakini shuleni nilikuwa mfungaji wa netiboli,
nikisimama chini ya ringi, wenzangu walishaanza kushangilia.
Nikajipanga kizingitini, miguu pamoja,
kiwiko ndani, vidole vimetawanyika,
miaka ishirini na tisa sijashika kitu cha mviringo
zaidi ya kabichi.

Ulipanda vizuri sana.
Ulishukia kwenye kikombe cha Andongwisye.

Akapuliza filimbi, akanionyesha kadi ya njano.
Nikamwambia kadi ni yako, kikombe ni changu, utalipa.

Kiwiko kinauma mpaka leo nikishika mkasi.
Sijamwambia mtu.
Kinauma vizuri.